Wimbo ufike na mwenyewe: kwenu mnaoanza kutuma nyimbo za gitaa kavu (lisilotumia umeme)

Karibuni sana. Mmeingia wengi, na hamu yenu ya kutafuta nyimbo ambazo hakuna redio inayozipiga inatia moyo. Tatizo ni kwamba kila Ijumaa, siku ambayo albamu mpya hutoka dunia nzima tangu Julai 2015, kundi letu la kutumiana nyimbo linajaa makosa yaleyale waliyoyafanya waliowatangulia. Kuyarekebisha moja moja kunachosha, kwa hiyo yasomeni yote hapa. EP (albamu fupi), demo (rekodi ya majaribio) na kava (wimbo wa mwingine unaoimbwa upya) mnazijua, siwezi kuanzia huko.

1. Vaa hedifoni kabla ya kuhukumu wimbo. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haifiki chini kiasi hicho. Dole gumba la mpigaji, linalobeba besi na mwendo, linapotea, kinachobaki ni vidole vya juu vikilialia peke yake. Halafu mtu anaandika "wimbo mwepesi mno". Hedifoni za waya za bei ya chini dukani zinatosha.

2. Acheni kutuma MP3 zilizonyofolewa YouTube. Hapa tukae kidogo, maana hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, na anayelifanya huwa na nia njema.

Mambo huenda hivi. Mtu anapenda wimbo, anabandika linki kwenye tovuti ya kugeuza video kuwa MP3, anachagua "320" kwa sababu ni namba kubwa, anautupa kwenye kundi la WhatsApp. Wenzake wanapokea kitu kinachoitwa AUD-20250314-WA0007. Mwezi mmoja baadaye watu thelathini wanao wimbo huo kwenye simu, watatu wameupeleka kwenye makundi mengine, na hakuna hata mmoja anayeweza kutaja jina la aliyeuimba.

Tuanze na sauti. Sauti ya YouTube kwa kawaida iko kwenye kilobiti 128 hadi 160 kwa sekunde. Tovuti inapoigeuza kuwa MP3 ya 320 hairudishi kilichokwisha kukatwa, inabana tena kilichokwisha kubanwa. Kumimina kikombe cha maji kwenye ndoo hakuifanyi ndoo ijae. Na muziki wetu ndio unaoumia zaidi. Wimbo wa klabu wenye ngoma na sinthesaiza huficha uharibifu mwingi, gitaa kavu halina pa kujificha. MP3 hukata sauti katika vipande vya takribani milisekunde 26, na makosa ya kubana husambaa ndani ya kipande kizima. Uzi unapodonolewa ghafla katikati ya ukimya, makosa hayo husikika hata kabla ya mdono wenyewe, kama mchakacho mdogo unaotangulia. Ukibana mara ya pili, mchakacho unakua. Pumzi ya mwimbaji inageuka mvuke wa bati, na mlio wa kidole kinachoteleza juu ya waya unapotea. Mtu alikaa chumbani na maiki moja akapigania vitu hivyohivyo, sisi tunavifuta kwa dakika mbili.

Pili, jina. Faili la kawaida hubeba ndani yake jina la msanii, albamu na mwaka. Faili la tovuti hizi mara nyingi halibebi chochote, au hubeba jina la chaneli iliyopakia video, ambayo huenda wala si ya mwanamuziki. WhatsApp nayo inapotuma kama sauti hulibandika faili namba yake. Ndipo utakuta wimbo wa binti wa Minnesota unazunguka ukiwa na jina la mtu wa Ireland, na kila anayeutafuta anafika pasipo.

Tatu, hesabu. Tangu 2024, Spotify hailipi mapato ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita, na usikilizwaji mmoja huhesabiwa baada ya sekunde 30. Kwa nyota, elfu moja si kitu. Kwa mpiga gitaa anayejirekodi nyumbani, huo ndio mstari kati ya kuhesabiwa na kutohesabiwa. Watu 200 wa kundi moja wakiusikiliza wimbo mara tano tano kwa mwaka kupitia linki, umefika. Watu haohao wakiusikiliza mara mia mia kupitia lile faili, kwake ni sifuri. Hajui hata kwamba ana wapenzi Mwanza, Mombasa au Bujumbura, kwa hiyo hatawahi kufikiria kuja kupiga huko.

Najua jibu lenu: bando. Haya, tupige hesabu ya bando. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 320 ni karibu megabaiti 10, na katika kundi ambalo simu nyingi zimewekwa kupakua zenyewe, kila mmoja anazilipia hata kama hautaki. Wimbo huohuo kwenye Spotify, ukiweka ubora wa kawaida wa kilobiti 96, haufiki megabaiti 3, na anayelipia ni yule tu aliyebonyeza. Linki ndiyo nafuu. Kama wenzako wametawanyika, huyu Boomplay, yule Apple Music, mwingine YouTube, tumia tovuti ya Odesli: unabandika linki moja, inakupa ukurasa wenye milango yote. Linki ya Spotify ikiwa ndefu, kata kuanzia alama ya kuuliza, bado itafunguka.

Na kama mwanamuziki mwenyewe amekupa faili, au umelinunua na amekuruhusu kulisambaza, litume kama hati, si kama sauti, jina lake libaki. Andika jina la faili kwa mpangilio huu: msanii, wimbo, albamu, mwaka.

3. Hakikisha ni nani, na wimbo ni wa nani. J.S. Ondara, kijana wa Nairobi aliyehamia Minneapolis mwaka 2013, amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa shuleni alibishana na kuweka dau kwamba "Knockin' on Heaven's Door" ni wa bendi ya Guns N' Roses. Akashindwa dau, akaambiwa ni wa Bob Dylan, akaenda kumsikiliza Dylan, na njia ikamfikisha kwenye albamu yake Tales of America ya 2019, iliyoteuliwa kuwania Grammy upande wa Americana, yaani muziki wenye mizizi ya asili ya Marekani. Yeye kukosea kulimfungulia mlango kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumsahihisha. Kwenye kundi lenye mafaili ya AUD hakuna wa kumsahihisha mwenzake.

Majina ya zamani yanahitaji subira zaidi. Ukitaka kumpata yule fundi wa gitaa wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey mwaka 1952, tafuta Mwenda Jean Bosco, kisha Jean-Bosco Mwenda, kisha Mwenda wa Bayeke. Ni mtu mmoja, na kila jina lina rekodi ambazo jingine halina. Anayetaka kujua gitaa la kudonoa kwa vidole lilivyo kwetu aanzie kwake, kisha aende magharibi mwa Kenya kwa George Mukabi na mtindo wa omutibo, pale ambapo chupa ya Fanta inakwaruzwa kushika mwendo. Mwaka 2017 lebo ya Olvido Records ilizikusanya nyimbo zake katika Furaha Wenye Gita. Inashangaza kuona watu wanakesha kutafuta demo za Oregon na hawajawahi kumsikia Mukabi. Sikilizeni vyote, ila huyu msimruke.

4. Fuata watu kabla ya kufuata mashine. Orodha ambayo Spotify inakupa kila Jumatatu inatokana na ulichokwisha kusikiliza, kwa hiyo inakuzungusha mtaa uleule. Soma waliohusika: nani kapiga ngoma, nani kazalisha, lebo gani. Mwanamuziki Bon Iver aliposambaa mwaka 2008 kupitia lebo ya Jagjaguwar, aliyesoma majina ya bendi yake ya jukwaani alimkuta Sean Carey kwenye ngoma, na miaka miwili baadaye akawa tayari anamsubiri na albamu yake mwenyewe, All We Grow, kwa jina la S. Carey. Michael Kiwanuka, Mwingereza ambaye wazazi wake waliikimbia Uganda ya Idi Amin, alitoa EP zake za kwanza mwaka 2011 kupitia lebo ya Communion. Communion ilianza mwaka 2006 kama usiku wa muziki katika ukumbi mdogo wa Notting Hill, London. Waliokuwa wakifuatilia usiku ule hawakungoja tuzo ya muziki ya Mercury aliyoshinda 2020 iwaambie.

Kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kazi hii ni rahisi kuliko popote. Fungua albamu unayoipenda, tazama picha ndogo za walioinunua, bonyeza mmoja, na mkusanyo wake wote uko wazi mbele yako. Tafuta mwenye albamu tatu au nne unazozipenda wewe pia, kisha pitia zile usizozijua. Chini ya ukurasa kuna vibandiko (tag) vya mtindo na mji. Bonyeza mji, uone majirani wa mwanamuziki wako.

5. Tazama walioshindwa. Tiny Desk, matamasha madogo ya mezani ofisini mwa redio ya NPR ya Marekani, ilianza mwaka 2008 baada ya wafanyakazi wake Bob Boilen na Stephen Thompson kwenda kumsikiliza mwimbaji Laura Gibson kwenye baa wakati wa tamasha la SXSW, na kelele za wateja zikameza sauti yake. Thompson akatania kwamba bora aje apige mezani kwa Boilen, na akaja kweli. Tangu 2015 kuna shindano la kila mwaka, na kila mshiriki hupakia video yake YouTube huku meza ikionekana. Wote hukimbilia mshindi. Nyinyi andikeni "Tiny Desk Contest" pamoja na mwaka, kisha mshuke hadi kwenye video zilizotazamwa mara mia mbili. Kwenye matangazo ya matamasha pia, iwe Newport au Sauti za Busara, someni majina ya maandishi madogo.

6. Andika mistari mitatu unapotuma: nani na anatoka wapi, kuna ala gani, na tusikilize nini dakika ya ngapi. "Nyatiti ya nyuzi nane, mwimbaji ni Ayub Ogada, albamu En Mana Kuoyo ya 1993, sikiliza sauti inavyoingia juu ya nyuzi bila haraka" kunamfanya mtu abonyeze. "Huu wimbo utalia" hakumfanyi. Wengi waliisikia "Kothbiro" yake kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005 na wakaishi miaka na sauti ile kichwani bila jina, kwa kukosa mstari mmoja wa namna hii.

Wimbo mmoja kwa siku. Ukituma kumi, hakuna atakayesikiliza hata wa kwanza.

7. Orodha yako iwe na nyimbo 12 hadi 15, msanii mmoja asirudi. Usipange nyimbo mbili za mdono wa mwendo uleule mfululizo, msikilizaji atadhani wimbo haujaisha. Baada ya tatu za gitaa na sauti pekee, weka yenye fidla, kibodi au kwaya. Programu husawazisha sauti kwa wastani, Spotify hulenga −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini ukipiga mafaili ukumbini hakuna wa kukusawazishia, kwa hiyo jaribu mwanzo wa kila wimbo kabla watu hawajafika.

8. Mkianza kujulikana mtatafutwa. Atakuja mtu na pesa ili wimbo wake uwekwe kwenye orodha. Kataeni: Spotify inakataza kuuza nafasi, na anayeumia nyimbo zikiondolewa ni mwanamuziki. Mwombe linki ya faragha, sikiliza mara mbili, mjibu ndiyo au hapana ndani ya wiki. Kimya kinawaumiza kuliko hapana.

Jihadharini pia na "msanii" mwenye nyimbo arobaini zilizotoka mwezi mmoja, asiye na video hata moja akipiga mbele ya watu, wala jina la mtunzi, wala mji. Nyimbo za kutengenezwa na mashine zimejaa hasa kwenye orodha za gitaa la kusomea na kulalia.

9. Nunua angalau albamu moja ukiweza. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo haikati sehemu yake kabisa. Angalia kalenda yao kabla ya kulipa. Unaponunua kuna kisanduku cha kumwandikia mwanamuziki neno. Mtajie mji wako, na umwambie ni wimbo upi uliokuleta.