Wanafunzi kunyamaza darasani: yaliyotukuta sisi huku Busia

Mwalimu uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Umepewa uhedi, yaani ualimu mkuu, kwenye shule ya dei (ya kutwa) ya serikali, S.2 (kidato cha pili) wako mia na ushee, ukiuliza swali wote wanaangalia chini, siku ya soko nusu ya darasa haipo, na sasa unataka kulipa mtu atoke Kampala aje awape watoto hotuba ya kuwatia moyo. Naomba hiyo pesa uishike kwanza. Nimefundisha miaka kumi na sita upande huu wa Uganda wa Busia, mji wa mpakani na Kenya, sita nikiwa DOS (msimamizi wa masomo), na nitakuambia nilichokiona.

Shule yetu iliingia USE, mpango wa serikali wa sekondari bila ada, 2007 ilipoanza na unajua madarasa yalivyojaa. Hedi tuliyekuwa naye simtaji, ila alikuwa mtu wa ofisini. Asembli anaongea yeye tu, dakika arobaini, watoto wako juani, mwisho anasema kuna swali? na kabla mkono haujainuka ameshashuka. Kuna wakati aliweka sanduku la maoni mlangoni, la mbao, lina kufuli. Mwezi wa kwanza lilijaa. Mimi ndio nilikuwa nalifungua, nampelekea zile karatasi, zinakaa mezani kwake mpaka zinashika vumbi. Muhula uliofuata nikalifungua nikakuta maganda ya miwa na karatasi moja imeandikwa "tulishasema". Neno moja tu. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo, maana mwaka uliofuata waligoma kwa ajili ya chakula wakavunja madirisha ya stoo, na sisi walimu tukawa tunaulizana eti hawa watoto wana nini, mbona hawakusema.

Kwa hiyo mimi nikiona darasa limenyamaza siku hizi sikimbilii kusema ni wavivu. Najiuliza mara ya mwisho walipoongea walijibiwa nini.

Baadaye akaja hedi mwingine, mama mmoja mpole lakini hachezewi. Wiki yake ya pili, asembli, msichana wa S.3 akasimama akasema Madamu, wazazi wanatoa pesa ya chakula, mbona posho (ugali) inaisha kabla mstari haujafika mwisho? Watu kimya, naibu ameshakunja uso. Mama akasema, sijui, nipeni mpaka Alhamisi. Na Alhamisi akaja kweli na daftari la stoo mkononi akawasomea, magunia yaliyoingia, kilo zinazopikwa kila siku. Hakukuwa na mwizi. Jikoni walikuwa wanapima unga kwa idadi ya wanafunzi ya mwanzo wa muhula, na tangu hapo walikuwa wameongezeka karibu sitini, hakuna aliyemwambia mpishi. Akawaambia pia kwamba kuna wazazi hawajalipa na posho haiwezi kuongezwa mpaka walipe, hilo halikuwapendeza lakini walilisikia kutoka mdomoni kwake mwenyewe. Kuanzia hapo mvulana mmoja na msichana mmoja wakawa wanapima unga na mpishi kila asubuhi. Lile daftari lipo, jalada limelowa mafuta, kurasa zimejaa unga, mistari mitatu imepigwa kwa rula: kilo, waliokula, sahihi.

Sasa sikia ilivyoingia darasani. Mtaala mpya wa 2020 unataka makundi na miradi, na kazi za darasani zinahesabiwa asilimia 20 kwenye matokeo ya UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na walimu wengi tulikuwa tunalia hatuna vifaa. Mwalimu wa hesabu akachukua lile daftari akawapa S.2 watafute kila mtu anakula gramu ngapi na gunia litaisha lini. Kulikuwa na kijana pale nyuma hajawahi kufungua mdomo mwaka mzima, siku za soko haji, anabebea watu mizigo kwa baiskeli mpakani, ile boda yenyewe ya zamani iliyoanzia huku kwetu. Siku hiyo akasimama akaeleza bei ya mahindi upande wa Kenya na namna ya kubadilisha shilingi yao na yetu, bila karatasi, harakaharaka, mwalimu mwenyewe anaandika ubaoni anamfuata. Sitakudanganya kwamba aliacha kwenda sokoni, hakuacha, kwao wanamtegemea. Lakini siku zingine zote alikuwa anakuja na anakaa mbele.

Maprifekti, yaani viranja, ni kazi nyingine. Kwetu walikuwa wanachaguliwa stafurumu (chumba cha walimu) na wanatembea na fimbo, wakati sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imekataza viboko shuleni hata kwa mwalimu sembuse mwanafunzi. Mama akaondoa fimbo, akaleta kura ya siri, kila darasa likapata mwakilishi wa kukaa naye kila wiki mbili. Walimu wengine walikasirika kabisa, nidhamu itakufa, na muhula wa kwanza kelele ziliongezeka kweli, huo ndio ukweli, ukianza utapitia hapo usiogope.

Na walimu wako usiwasahau kwenye hili. 2022 mishahara ya wenzetu wa sayansi ilipopandishwa tukabaki sisi wa sanaa, tukagoma, tuliporudi stafurumu ilikuwa imegawanyika, mwalimu wa historia hataki hata kusimamia mdahalo. Mama alituita akasema la mshahara siwezi, liko juu yangu, ila ratiba na zamu naweza, niambieni. Tukamwambia, akapanga zamu upya wiki hiyohiyo. Mtu aliyesikilizwa na mkubwa wake ndio anapata moyo wa kusikiliza watoto mia kwenye darasa moja, mimi naamini hivyo.

Kwa hiyo Jumatatu waulize jambo moja tu, usifungue kumi. Wape siku ya jibu, na siku hiyo simama mwenyewe uwaambie ndiyo, au hapana kwa sababu hii. Angalia na stoo yako kama ina mzani unaofanya kazi, kama hauna nunua kwa hiyo pesa ya mgeni wa Kampala.