Hamsini Yangu Iko Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Sarafu

Maswali mliyoniletea mwezi huu yamerudi palepale: sarafu ndogo za shilingi yetu ya Uganda zinakataliwa, na malipo ya simu yanataka kuchukua nafasi yake. Nayajibu sita.

Nauza mandazi Bombo. Watoto wananiletea sarafu za 50, nazipokea. Nikimpelekea muuza unga anazisukuma kando, eti hizo si pesa tena. Ni kweli?

Si kweli, mama. Benki Kuu ya Uganda haijaiondoa. Ile ya 50 yenye swala, ya 100 yenye ng'ombe wa Ankole, ya 200 yenye samaki, ya 500 yenye korongo taji, na ya 1,000 iliyotolewa 2012 kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, zote ni pesa halali. Kinachoiua 50 ni woga wa kupokezana: huyu anaikataa kwa kuwa anajua yule wa mbele yake ataikataa.

Na ikifa, anayeumia ni mteja wako mdogo. Andazi la 150 litakuwa la 200, na hakuna atakayelirudisha chini. Juzi nilikaa asubuhi nzima kwenye duka la jamaa yangu Kawempe. Walikuja watu wa majani ya chai ya 100, chumvi ya 200, mafuta ya kupima ya 500. Akaja msichana wa miaka saba hivi, amekunja ngumi. Alipoifungua juu ya kaunta, sarafu tatu zilikuwa zimemganda kwa jasho, na duara la ile kubwa limebaki limechorwa kiganjani. Alizishika hivyo tangu nyumbani. Mtoto yule ukimwambia hamsini yake si pesa, anarudi bila chumvi.

Fanya hivi: zihesabu ishirini ishirini, zifunge kwenye karatasi, andika juu 1,000. Mara nyingi muuza unga haikatai pesa, anakataa kazi ya kuihesabu. Akishaona fungu lililohesabiwa mbele yake, wengi hupokea.

Nasoma Makerere. Nalipa kila kitu kwa simu. Kwa nini tung'ang'anie vyuma vinavyotoboa mifuko?

Mdogo wangu, simu imetutoa mbali. Kabla ya MTN kuanza huduma ya pesa za simu hapa mwaka 2009, mama yako kijijini alingoja mtu anayesafiri na basi ndipo apate pesa ya dawa. Sitaki turudi huko hata siku moja.

Ila piga hesabu. Kodi ya pesa za simu ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1, watu wakalalamika, na mwaka huohuo ikashushwa kuwa asilimia 0.5 ya pesa unayotoa. Ukitoa 10,000, kodi ni shilingi 50. Ukitoa 20,000, ni 100. Hiyo ndiyo hamsini tunayoambiwa haina thamani, nayo inakatwa kila siku kwa maelfu ya watu, kabla hata ya ada ya kutoa. Sarafu ya mia ikitoka kwako ni mia, ikifika kwa muuza ndizi ni mia ileile. Kadi ya benki nayo ina mahali pake, kwenye supamaketi na vituo vya mafuta. Muuza rolex, zile chapati za kuviringishwa na mayai, wa pale nje ya geti lenu hana mashine hiyo, na netiwaki ikikatika mayai yake hayangoji.

Supamaketi imenipa peremende mbili badala ya chenji ya 100. Nifanye nini?

Zirudishe, dada, kwa upole. Chenji, au balansi kama tunavyosema Kampala, ni mali yako. Mwenye duka aliyepanga bei ya 2,900 anajua tangu asubuhi kwamba atahitaji sarafu za 100. Mimi duka moja lilinipa bigijii. Nikairudisha, nikasimama kando bila kugomba. Haikupita dakika kumi, sarafu ikapatikana kwenye droo ya keshia wa tatu.

Mimi ni mwalimu Mbale. Wanafunzi wameuliza neno "sente", tunaloita pesa, limetoka wapi.

Swali zuri mno. Sente ni senti, zile za enzi za ukoloni zenye tundu katikati. Na wasemaji wa Kiganda wanapoita pesa *ensimbi* wanataja kauri, yale makombe madogo ya baharini, kwa kuwa kabla ya vyuma, kauri zilitungwa kwenye kamba na kununulia vitu. Waonyeshe watoto kwamba jina la pesa linadumu kuliko pesa yenyewe. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921, sarafu yake ina simba. Benki Kuu yetu ilifunguliwa 1966, ndipo tukapata pesa yetu wenyewe. Mwaka 1987 thamani ilikuwa imeporomoka hadi shilingi 100 za zamani zikabadilishwa kwa 1 mpya, na tukapewa sarafu za 1, 2, 5 na 10. Nani anaziona leo?

Wamarekani wameacha kutengeneza senti moja. Kwa nini sisi tusiache 50?

Ni kweli, waliacha Novemba 2025. Kila senti iliwagharimu karibu senti nne kuitengeneza. Lakini tazama Kanada, walioacha kuisambaza yao 2013. Waliweka kanuni: ukilipa taslimu, hesabu ya mwisho inakwenda kwenye senti 5 iliyo karibu, juu au chini. Dola 1.02 inakuwa 1.00, na 1.03 inakuwa 1.05. Ukilipa kwa kadi, unalipa kamili. Katika masoko yetu nimeona bei zikisogea upande mmoja tu, juu. Tuletewe kwanza kanuni ya namna hiyo, yenye kusimamiwa, kisha tuzungumze habari ya kuiacha 50.

Nina mkebe wa Blue Band umejaa sarafu. Niupeleke wapi? (Mzee, Arua)

Mzee wangu, zitoe. Za 1987 wawekee wajukuu. Zilizobaki zipeleke benki, au muite mama wa mandazi wa jirani umbadilishie kwa noti. Amekuwa akizitafuta tangu alfajiri.