Jamvi la Banda la Gari: Anza Kuhesabu Chini ya Zege

Banda langu la kwanza la gari nililijenga Shinyanga, kwenye kiwanja chenye udongo mweusi wa mbuga, na jamvi lake, yaani sakafu ya zege, lilipasuka kabla mvua za msimu wa kwanza hazijaisha. Nyufa zilianzia kwenye kona zikakutana katikati, na moja ilikuwa pana kiasi cha kumeza sarafu iliyosimamishwa. Nilidhani zege lilikuwa jembamba. Fundi wa pili alichimba pembeni, akanionyesha bonge la udongo lililokuwa linanata kwenye sururu: udongo huo hufura ukinywa maji na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo kuongeza unene wa zege juu yake kungekuwa kutupa fedha.

Ndiyo maana ninamsihi kila anayepanga bajeti achimbe shimo la majaribio la mita moja kabla hajauliza bei ya saruji. Ukikuta changarawe au udongo mwekundu mgumu, una bahati, na huenda ukahitaji tu kuondoa udongo wa juu wenye mizizi na kushindilia. Ukikuta mbuga, tenga fedha ya kuutoa. Mimi, kwa jamvi la pili, nilitoa sentimita 60 kwenye eneo la mita 3 kwa 6, shimo la karibu mita 11 za ujazo, nikanunua moramu, udongo wa changarawe wa kujazia, mita 14 za ujazo kwa sababu ikishindiliwa hupungua. Tuliimwaga kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa mashine ya kukodi. Kazi hiyo ilinigharimu kuliko zege lenyewe, na sijutii hata shilingi moja.

Hesabu ya zege ni nyepesi. Eneo hilo kwa unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 2.7, na kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4 unahitaji mifuko 17 hivi ya kilo 50. Nunua 19, kwa kuwa daima kuna kinachomwagika. Weka pia dawa ya mchwa, nailoni na wavu wa chuma, ambao lazima uinuliwe kwa vipande vya zege, maana ukilala chini hausaidii kitu.

Simama mwenyewe siku ya kumwaga. Vibarua wakichoka huongeza ndoo ya maji ili zege liteleze, na hapo ndipo nguvu yake inapopotea. Baadaye limwagilie siku 7 mfululizo, na gari lisubiri hadi siku ya 28.

Jamvi la pili tulilikata katikati kwa mfereji usiofika chini, ili likitaka kupasuka lipasukie hapo. Misimu miwili ya mvua imepita. Kuna ufa mmoja, mwembamba kama unywele, na umepita ndani ya mfereji huo.