Utando mweupe mdomoni kwa mtoto: wa kwangu uliisha nilipotibiwa na mimi

Pole mdogo wangu. Umesema mwanao ana wiki 6, ana weupe ulimini na ndani ya mashavu, jirani kakwambia umsugue kwa kitambaa chenye chumvi halafu umpake asali, na mama mkwe anataka uache kunyonyesha. Naomba usisugue kwanza. Mi haya nimeyapitia na mwanangu wa kwanza, nilihangaika karibu miezi miwili kwa kitu ambacho kingeisha ndani ya wiki.

Mwanzoni na mimi nilijua ni maziwa. Nesi wa kliniki ndo akanionyesha tofauti, mabaki ya maziwa yanakaa ulimini tu na ukipitisha kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu yanatoka, ila fangasi wanaganda kama mtindi, wanashika mashavu na fizi, na ukilazimisha kubandua panabaki pekundu au panatoka damu kabisa. Mi nilishasugua na chumvi hivyo hivyo unavyoambiwa wewe, mtoto akawa akiliona ziwa tu analia, ananyonya mara mbili anaachia, kumbe nimemchubua, na mpaka leo inaniuma. Asali nayo kwa mtoto ambaye hajafika mwaka 1 ni hapana, inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu tumboni mwake ikamlegeza misuli mpaka akashindwa kupumua vizuri. Na akitokea mtu wa kukwambia hicho ni kimeo kikatwe, usimpe mtoto hata ambebe.

Usijione mchafu pia. Hawa fangasi wanaitwa kandida, wengi wetu tunao mdomoni na tumboni bila shida, bakteria wengine wanawabana wasizidi. Mi nilijifungua kwa operesheni nikapewa antibaotiki, zile dawa zinaua na wale bakteria wa kutulinda, basi fangasi wakapata nafasi, na mtoto mchanga kinga yake bado ndogo.

Tulipewa nistatini, dawa ya fangasi ya maji ile ya njano yenye dropa, mwanangu aliandikiwa 1 ml mara 4 kwa siku kwa siku 7 (wa kwako apimwe aandikiwe ya kwake). Unatikisa chupa, unadondoshea nusu shavu hili nusu shavu lile, usimmiminie kooni. Nilikuwa nampa kabla ya kunyonya, nikaambiwa ndo maana haisaidii, hii dawa inafanya kazi kwa kugusa fangasi wenyewe, haiingii kwenye damu kivile, sasa ukimpa halafu akanyonya maziwa yanaiosha yote. Mpe akishamaliza kunyonya. Halafu siku ya 3 nikaona ulimi msafi nikaacha. Baada ya wiki wakarudi. Unatakiwa uendelee kama siku 2 hivi hata baada ya weupe kuisha.

Ila kilichonichelewesha kuliko vyote nilikuwa mimi mwenyewe. Chuchu zilikuwa za pinki zinang'aa, zinawasha, akimaliza kunyonya nasikia maumivu yanachoma kama sindano mpaka ndani ya ziwa, nami nikajua ndo uzazi wa kwanza lazima uvumilie. Kumbe fangasi wa mwanangu wamehamia kwangu, namtibu yeye halafu nampa ziwa lenye fangasi, tunarudishiana. Mara ya tatu daktari ndo akauliza "na wewe mama unaumia?" nikalia pale pale. Akanipa krimu ya fangasi ya kupaka chuchu kila nikimaliza kunyonyesha, nikawa nachemsha nyonyo ya kumbembelezea mtoto na chuchu za chupa kila siku, sidiria nafua kwa maji ya moto naanika juani, na mtoto makalio yalikuwa mekundu yenye vipele vipele pembeni, nayo ni fangasi hao hao wameshuka na choo, akapewa dawa yake. Tukaanza siku moja wote wawili. Siku ya 5 alinyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

Bibi yake alitaka jivii (GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka), wazee wetu wametibu nayo sana na inaua fangasi kweli, ila ikiwa kali inaunguza mdomo wa mtoto, usijinunulie mwenyewe.

Akigoma kunyonya, akipata homa, nepi zikawa kavu, au siku 7 zimeisha weupe bado upo, hapo usisubiri foleni ya kliniki ya wiki ijayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na aliyeuliza pale juu kuhusu mzee wake mwenye pumu ambaye naye ana weupe huu mdomoni, mwambie asukutue maji ateme kila akishavuta ile pampu ya stiroidi, ndo inayoleta. Mtu mzima ambaye hana pampu, hajatumia antibaotiki na hana meno ya bandia, akiupata bila sababu apime sukari na VVU mapema.

Mdogo wangu, kunyonyesha usiache. Ziwa likiuma sana anza na lile lenye nafuu, na kesho ukienda kliniki mwonyeshe nesi mdomo wa mtoto na chuchu zako, vyote viwili, hata asipouliza.