Kigunduzi chako cha infraredi kipime gizani kwanza

Wanafunzi wanaoingia maabara yetu huja na hamu ya kuwasha leza. Mimi huwaambia wafunike kila kitu kwanza, tupime kelele, yaani kuyumbayumba kwa mkondo wa umeme kusikotokana na mwanga tunaoupima.

Silikoni, ile ya kamera ya simu, haioni kitu mwanga ukipita nanomita 1,100 hivi. Kutoka hapo wengi hutumia aloi ya indi, gali na aseniki, nayo ni ghali kwa sababu hukuzwa kwenye kaki maalumu (kisahani chembamba cha fuwele) kisha hushikizwa juu ya chipu ya silikoni piseli kwa piseli. Sisi tunatumia nukta kwanta za salfaidi ya risasi, yaani chembe ndogo mno za fuwele, ambazo unazipika kwenye chupa na kuzipaka juu ya chipu kama rangi. Ukubwa ndio unaoamua zinaona nini: chembe zenye upana wa nanomita 3 hufyonza mwanga wa karibu nanomita 950, za 5 na ushee hufika mwanga wa 1,500. Ila usitarajie kuona joto la mwili wa mtu. Hilo hung'aa zaidi karibu na mikromita 9, na salfaidi ya risasi haifiki huko.

Chembe hutoka kwenye chupa zimevikwa asidi ya oleiki, mnyororo mrefu unaozuia umeme kupita. Tunaubadilisha kwa ethanidithioli, ambayo ni fupi na inanuka vibaya mno. Fanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa, la sivyo utapanda nayo daladala. Paka tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, maana utando husinyaa na kupasuka.

Sasa kelele. Kigunduzi kinaweza kukupa ampea mia kwa kila wati ukashangilia, kumbe mitego, yaani kasoro ndani ya utando, inashikilia chaji za aina moja huku zile nyingine zikizunguka saketi tena na tena. Mkondo unakua, kelele nayo inakua, na kifaa kinakuwa kizito kujibu. Wengi hukokotoa kelele kutokana na mkondo wa gizani, ule unaopita bila mwanga, peke yake. Hesabu hiyo haigusi kelele ya masafa ya chini, ile inayoyumba polepole, ambayo kwenye tando hizi mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa hiyo ipime, kwenye masafa yaleyale ya kuwasha na kuzima mwanga uliyotumia kupima mwitikio.

Hata ninaposoma kazi za wengine naanzia sehemu ya mbinu. Nikikuta kelele imekokotolewa tu, ile tarakimu kubwa ya unyeti wanayoitangaza mwanzoni siinakili popote.