Wasomaji Wanauliza: Nyota za begani huja kwa mwendo gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Dwight Eisenhower wa Marekani alikaa kwenye umeja miaka 16, halafu ghafla akawa jenerali wa nyota tano. Je, alibebwa? Na afisa wa huko kwa sasa, akiwa hodari kweli, anaweza kupanda haraka kiasi gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hakubebwa, ndugu yetu. Tazama tarehe zenyewe. Ukanali aliupata Machi 1941. Septemba mwaka huohuo akawa brigedia jenerali. Machi 1942 meja jenerali, Julai 1942 luteni jenerali, Februari 1943 jenerali kamili, na tarehe 20 Desemba 1944 nyota tano. Kutoka kanali hadi kileleni ni miaka mitatu na miezi tisa na ushei.

Kilichobadilika ni ukubwa wa jeshi. Mwaka 1939 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa na watu wapatao 190,000. Kufikia 1945 walizidi milioni 8. Kila divisheni mpya ilihitaji meja jenerali wa kuiongoza, na chini yake safu nzima ya makanali na mameja. Kabla ya hapo viti vilikuwa vimejaa. Vyeo hadi ukanali vilitolewa kwa ukongwe, na maafisa walioingia kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamerundikana katikati ya foleni. Hodari na mzembe walisubiri pamoja.

Ile hesabu ya miaka 16 inahitaji marekebisho kidogo. Mwaka 1918, akiwa na miaka 28, Eisenhower alikuwa tayari luteni kanali, lakini wa muda. Vita vilipokwisha akarudishwa ukapteni, akapewa umeja Julai 1920, akateremshwa tena kuwa kapteni 1922 jeshi lilipopunguzwa, kisha umeja ukarudi 1924. Uluteni kanali wa kudumu ulikuja 1936. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: Marekani ya wakati huo afisa alikuwa na vyeo viwili kwa pamoja, cha kudumu na cha muda wa vita. Hata alipovaa nyota nne, kwenye daftari la kudumu Eisenhower aliendelea kuandikwa luteni kanali hadi Agosti 1943. Vita vingekwisha mapema, angeweza kurudi huko.

Sasa tuje kwa afisa wa leo. Huyu anatawaliwa na sheria ya mwaka 1980, iliyoanza kutumika Septemba 1981. Luteni usu huwa luteni baada ya miezi 18, na ukapteni huja kwenye mwaka wa nne hivi. Umeja hulengwa karibu na mwaka wa 10 wa utumishi, uluteni kanali mwaka wa 16, ukanali mwaka wa 22. Kipimo kilichowekwa ni kwamba kati ya makapteni 10 wanaofikia zamu, 8 wapate umeja. Kwa uluteni kanali ni 7 kati ya 10. Kwa ukanali ni nusu tu.

Hodari anaweza kuchaguliwa kabla ya zamu yake, ila nafasi hizo kwa kawaida hazizidi asilimia 10 ya wanaochaguliwa na bodi ya kupandisha vyeo, na anachookoa ni mwaka mmoja au miwili. Ukijumlisha muda mfupi kabisa ambao sheria inaruhusu kwa kila cheo, unapata miaka 13 na nusu kutoka luteni usu hadi brigedia jenerali. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Kabla ya kufika huko afisa anatakiwa awe ameongoza kombania, amekaa chuo cha ukamanda na unadhimu (pale Fort Leavenworth, Kansas, kozi huchukua miezi kama 10), ameongoza batalioni, kisha brigedi. Isitoshe, tangu sheria ya mwaka 1986 anayetaka ujenerali lazima awe ametumikia pia ofisi inayochanganya majeshi ya nchi kavu, anga na maji. Kazi hizo huwezi kuzibana ndani ya miaka 13.

Wengi huharibikiwa kwenye fomu ya tathmini. Mkubwa anayetathmini anaruhusiwa kutoa alama ya juu kabisa kwa chini ya nusu ya maafisa wa cheo kimoja aliowahi kuwapima. Asiye makini huzigawa mapema. Siku anapokuja kapteni bora kuliko wote, hana alama ya kumpa. Kosa la pili ni la ratiba: meja aliyechelewa kupata kazi ya mnadhimu wa operesheni wa batalioni huenda mbele ya bodi bila ripoti ya kazi hiyo. Wajumbe wa bodi hawamjui kwa sura, na tangu Agosti 2020 hata picha yake hawaioni. Wana jalada tu mbele yao, na kila mmoja hulipigia kura kwa namba, 1 hadi 6. Ripoti isiyokuwemo haihesabiwi, hata kama kazi anaifanya vizuri wakati huohuo bodi ikiwa imekaa.

SWALI: Na akiamua kubaki kapteni maisha yake yote? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Haruhusiwi kwa kawaida. Kapteni au meja akirukwa na bodi mara mbili hutolewa jeshini, isipokuwa kama amebakiza miaka miwili au pungufu kufikia pensheni ya miaka 20. Luteni kanali hufika ukomo mwaka wa 28, kanali mwaka wa 30. Utaratibu huu ni mkali, lakini ndio unaofungua viti kwa walio nyuma.

SWALI: Kwetu Afrika Mashariki kuna aliyepanda kwa kasi kama ya Eisenhower? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wapo. Mrisho Sarakikya alisomea uafisa Sandhurst, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, maafisa wa Kiingereza wakaondolewa, na jeshi lile likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipoundwa Septemba 1964, Sarakikya ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza, akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Uganda nako, Idi Amin alikuwa luteni mwaka 1961 na meja jenerali 1968, baada ya kutumikia miaka 15 chini ya uafisa tangu 1946.

Kote kuwili viti vya juu viliachwa na Waingereza kwa mkupuo, na Waafrika wenye kamisheni walikuwa wachache mno. Luteni aliyefuata miaka michache baadaye hakukuta nafasi hizo: Sarakikya alikuwa bado kijana, na aliliongoza jeshi hadi 1974.