Kuhamisha koki ya mafuta na kuongeza tangi kwenye ndege ya kujijengea

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kuitoa koki ya mafuta katikati ya miguu uipeleke nyuma ya kiti, na kufunga tangi dogo la ziada nyuma ya viti. Naanza na koki. Inaonekana kitu kidogo, lakini ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Oktoba 12, 1997, mwanamuziki John Denver alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akirusha Long-EZ, ndege ya kujijengea iliyosanifiwa na Burt Rutan. Kwenye michoro, koki ya kubadili tangi iko kati ya miguu ya rubani. Fundi aliyeijenga ile ndege (si Denver, yeye aliinunua) hakutaka mafuta yapite mle anamokaa rubani, akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Nia njema kabisa. Ila kuifikia, rubani alilazimika kuachia stiki (fimbo ya kuongozea ndege) iliyo upande wa kulia na kujipinda mwili mzima kwenda kushoto. Wachunguzi walipokaa hivyo hivyo, waliona mguu wa kulia unajikaza wenyewe na kukanyaga pedali, ile inayogeuza pua ya ndege. Ukiwa chini chini, hapo huna muda wa kujirekebisha.

Kwa hiyo kaa kitini, funga mkanda hadi ubane, shika stiki, fumba macho, kisha ifuate koki kwa mkono wa pili. Mgongo ukibanduka kwenye kiti, iache ilipokuwa.

Tangi ni suala la hesabu. Lita 28 za petroli ni kama kilo 20. Ndege yenye kilo 500, ukiiongezea kilo 20 mita moja nyuma ya kitovu cha uzito (pale ambapo ndege nzima ingesawazika), kitovu kinarudi nyuma karibu sentimita 4. Linganisha na mipaka iliyoandikwa kwenye michoro yako, halafu rudia hesabu ukiwa na abiria, tangi likiwa limejaa na likiwa tupu. Kitovu kikipita mpaka wa nyuma, stiki inakuwa nyepesi mno, na ndege ikianza kuzunguka kama pia huenda isitoke.

Usiishie kwenye karatasi. Mimi nilifunga injini nzito kuliko ya michoro, nikahamishia betri nyuma kusawazisha, na hesabu ikakubali. Tulipoipima, mkia ulikuwa mzito kuliko tulivyokadiria: uzito wa rangi tuliusahau! Tulifunga milango ya hanga upepo usichezee mizani, tukainyanyua ikae kama inavyokaa angani, mizani chini ya kila gurudumu, timazi ikining'inia kutoka ukingo wa mbele wa bawa, alama za chaki sakafuni.

Mwandikie msanifu pia, umuulize kwa nini aliliacha wazi lile eneo la nyuma ya viti. Ukishapima, weka hapa kilo za kila gurudumu na umbali wake kutoka ukingo wa bawa, tupige hesabu pamoja kabla hujakata bati.